Mia Mbili na Tisa

Nilipata themanini na moja
katika Haki za Binadamu, karatasi ya nadharia.
Ibara ya Ishirini na Nne niliijua kama sala ya chakula:
mtu ana haki ya mali yake,
wala haiondoki mkononi mwake
pasipo fidia inayostahili.
*Inayostahili*, mhadhiri alirudia, akapigia neno mstari mara mbili,
chaki ikavunjika,
upepo wa Dodoma ukaingia dirishani
ukafunika ibara na vumbi jekundu.

Muhula wa pili: vitendo.
Nikakabidhiwa jalada la kijani, kona zimeliwa na panya.
Mdai: Yaledi Chidosa, mkulima wa zabibu, Hombolo.
Barabara mpya imelipasua shamba lake
kama uzi unavyokata sabuni ya mche.
Fomu ya mthamini inasema: mizabibu mia moja kumi na miwili.
Yaledi anasema: mia mbili kumi na miwili.
Tofauti ni tarakimu moja tu,
kalamu iliteleza, au ilitelezeshwa.
Hapo katikati wamelala wajukuu wawili wa kidato cha tatu
na bati kumi na nane.

Kwenye baraza la kata alitoa ushahidi wake mfukoni:
kamba ya mkonge, fundo kwa kila mche,
fundo kubwa kila ulipotimia mstari.
Katibu akaipima kwa macho.
"Mama, kamba si kielelezo. Lete karatasi."
Wote wakanigeukia mimi, mwenye tai.
Nikafungua begi.
Nilikuwa na mikataba mitatu ya kimataifa,
na hukumu ndefu kutoka nchi yenye theluji.
Karatasi yenye muhuri wa mtendaji sikuwa nayo.

Mtendaji alikuwepo, wino haukuwepo.
"Rudi Jumatano."
Jumatano wino ulikuwepo, mtendaji kaenda mjini,
semina ya utawala bora.
Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi yake
nikila karanga, nikitafuta kichwani
ni mkataba gani unaozungumzia kidau cha wino.

"Wewe kuhesabu unajua?" Yaledi aliniuliza.
Nikasema najua.
"Basi inuka."

Tukahesabu.
Jua la saa saba, tai nimeiweka mfukoni,
yeye mbele na kamba, mimi nyuma na daftari,
mzabibu mmoja, fundo moja, alama moja.
Katapila lilikwishapita kwenye safu nne za chini.
Pale palibaki mashimo, na nguzo zimelala kifudifudi.
Nikasimama.
"Mama, shimo nalo ni mzabibu?"
Hakugeuka.
"Kaburi nalo ni mtu?"
Nikaandika mashimo.

Jumla yangu: mia mbili na tisa.
Jumla ya kamba: mia mbili kumi na mbili.
Tulirudia safu ya mwisho, pale kifusi kimemwagwa.
Mia mbili na tisa.
Nikasema, naandika kama kamba ilivyo,
mitatu tu, nani atajua?
Akanishika mkono ulioshika kalamu,
vidole vyake vigumu kama vikonyo vya Julai.
"Yule wa kwanza naye aliandika asichokiona.
Wewe andika ulichokiona.
Hiyo mitatu nitaisemea mwenyewe."

Shauri limesogezwa hadi tarehe kumi na nne.
Ni mara ya tatu kusogezwa.
Anaiweka kamba ndani ya debe la mtama,
panya hawali mkonge, amenihakikishia.

Leo nipo ukumbini, mtihani wa mwisho, swali la nne:
*Jadili pengo lililopo kati ya nadharia na vitendo
katika sheria ya haki za binadamu. Alama ishirini.*
Msimamizi anatazama saa.
Pengo hilo nalijua.
Nilipiga magoti nikaingiza mkono,
likanimeza hadi kiwikoni,
na kule chini, vidole vikipapasa,
niligusa mzizi.
Ulikuwa mbichi bado.